Kipimo Chetu ni Maongezi: Misingi ya Tiba ya Akili kwa Wanafunzi wa Udaktari Mtwara

"Mwalimu, huyu tunampima nini?"

Swali hili sijawahi kulikosa. Kila kundi jipya la wanafunzi linapoingia wodini, siku ya kwanza tu lazima mmoja wao aliulize. Mara ya mwisho aliuliza kijana wa mwaka wa tatu, karatasi ya maabara ameshaiweka juu ya faili, kalamu iko tayari. Sakafuni mbele yetu alikaa kijana wa rika lake, ameletwa alfajiri kwa gari la kukodi kutoka Tandahimba, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, vidole vimevimba. Mjomba wake alisimama mlangoni na ndoo ya plastiki yenye nguo, sahani na kikombe.

Nilimjibu kwamba tuanze na kamba, na kuhusu kamba nitarudi. Swali lenyewe ni zuri kuliko alivyodhani muulizaji, maana ndani yake kuna hofu ya wanafunzi karibu wote kwamba tiba ya akili ni kubahatisha. Malaria ina kipimo, kisukari kina kipimo, hata mfupa uliovunjika una picha yake. Hapa kuna mtu anayeongea peke yake, na daktari anayemsikiliza. Ugonjwa uko wapi?

Kipimo kipo, nacho ni maongezi. Ila ni maongezi yenye utaratibu, kama upasuaji ulivyo na utaratibu, na anayefundisha misingi ya fani hii kazi yake kubwa ni kuufundisha huo. Majina ya magonjwa hayana haraka. Nimeona wanafunzi waliokariri dalili zote za skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, wakashindwa kuitambua ikiwa imekaa mbele yao inaongea Kimakonde.

Na wengi wa vijana hawa, maafisa tabibu kwa madaktari, hawatafanya kazi jirani na bingwa wa magonjwa ya akili. Watapangiwa Liwale, watapangiwa Nanyumbu, mahali ambapo wao ndio mwanzo na wao ndio mwisho. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya robo tatu ya watu wenye matatizo ya akili hawapati tiba yoyote. Kutoka Mtwara mjini hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 500, na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, iko mbali zaidi. Mgonjwa aliyekosewa Liwale hana pa kusahihishiwa.

Mwaka 1913

Huwa naanzia mwaka huu, kwa sababu mizizi miwili ya fani nzima inaonekana ndani yake.

Wakati ule hospitali za wagonjwa wa akili za Ulaya na Marekani zilijaa watu wenye ugonjwa mmoja wa kutisha. Mtu mzima, mwenye kazi na familia, anaanza kujiona tajiri kuliko wafalme, anatapanya mali, kisha ulimi unakuwa mzito, miguu inalegea, akili inazimika, anakufa. Madaktari walibishana miaka mingi kuhusu chanzo. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi, Mjapani aliyekuwa akifanya utafiti New York, akaonyesha pamoja na mwenzake Moore kwamba ndani ya ubongo wa watu waliokufa kwa ugonjwa huo mna vijidudu vya kaswende. Kumbe wazimu ule ulikuwa kaswende iliyopanda hadi kichwani. Miaka minne baadaye, 1917, Julius Wagner-Jauregg wa Vienna akaanza kuwaambukiza wagonjwa hao malaria kwa makusudi ili homa kali ipambane na kaswende, kisha akiwatibu malaria yenyewe kwa kwinini. Wapo waliopata nafuu, wapo waliokufa, na mwaka 1927 alipewa Tuzo ya Nobel. Penisilini ilipopatikana miaka ya 1940, njia hiyo ikaachwa.

Wanafunzi wangu huduwaa hapo. Huku kwetu malaria ndiyo inayoleta kuchanganyikiwa. Kusikia kwamba kuna mahali iliwahi kutolewa kama dawa ya kuchanganyikiwa huwashika kuliko mhadhara wowote ninaoweza kuuandaa. Nawaacha waduwae, kisha nawaambia kwamba kabla hujamwita mtu mgonjwa wa akili, fanya alivyofanya Noguchi. Tafuta ndani ya mwili.

Mwaka huohuo, huko Heidelberg, Ujerumani, daktari wa miaka 30 aitwaye Karl Jaspers alichapisha kitabu kikubwa kuhusu namna ya kuzichunguza dalili za magonjwa ya akili. Alisema kuna mambo ya mgonjwa tunayoyaeleza kwa chanzo chake, kama tunavyoeleza chanzo cha homa, na kuna mambo tunayoyaelewa kwa kujiweka mahali pake, kama unavyomwelewa mtu aliyefiwa. Tena akatenganisha kile mgonjwa anachokisema na namna anavyokishika. Mzizi huo wa pili ndio mgumu kufundisha, na ndio penye Mtwara yetu. Lakini mwili kwanza.

Mzee aliyekuwa akibangua korosho

Kosa ninalolisimulia kila mwaka ni langu mwenyewe. Nilikuwa mgeni kazini, mwezi Desemba, msimu wa mabibo. Kwa asiyeujua ukanda huu, korosho ikishatolewa, bibo lake halitupwi lote. Linakamuliwa, maji yake yakichacha yanakuwa uraka, na uraka ukipikwa na mvuke wake kukingwa inatoka nipa, pombe kali.

Aliletwa mzee wa miaka hamsini na kitu, anatetemeka, amelowa jasho, amekaa kitandani vidole vinafanya kazi. Anaokota kitu kisichoonekana, anakigonga kwa kitu kisichoonekana, anatupa ganda, anaweka kiini pembeni. Anabangua korosho. Mara anaacha, anafukuza panya chini ya kitanda, kisha anarudi kwenye korosho zake. Niliandika "saikosisi", yaani akili iliyoachana na uhalisia, nikaagiza sindano ya klopromazini, dawa ya hali hiyo, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Nesi wa zamu, mama mtu mzima, akamsogelea mke wa mzee.

"Dada, shemeji kinywaji cha mwisho alikunywa lini?"

"Leo siku ya tatu. Tumbo lilimkamata, hakuweza kutoka nyumbani."

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa. Ubongo uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa ghafla, hulipuka. Siku ya pili hadi ya nne ndizo za hatari. Alihitaji diazepamu, maji, na vitamini B1 itangulie dripu ya glukosi. Nilichompa mimi ni dawa inayojulikana kuchochea mtukutiko, na usiku ule alitukutika kama mtu wa kifafa. Alipona. Nesi yule alinifundisha kwa swali moja kitu ambacho sikukipata darasani.

Hali aliyokuwa nayo inaitwa deliriamu, nayo si ugonjwa mmoja. Ni kilio cha ubongo uliobanwa na kitu kingine, iwe malaria kali, sukari iliyoshuka, maambukizi, sumu, dawa, ini au figo zilizochoka. Huanza kwa saa au siku chache. Hupanda na kushuka, asubuhi anakutambua, magharibi anakuita mama yake. Huona vitu zaidi kuliko kusikia sauti. Na zaidi ya yote, hawezi kushikilia umakini hata kidogo. Mgonjwa wa skizofrenia anaweza kukueleza mambo ya ajabu huku akijua kabisa leo ni Alhamisi na yuko hospitali. Mwenye deliriamu anapotea katikati ya sentensi yake.

Umakini una kipimo kisichohitaji umeme. Vitabu vinasema mwambie atoe saba kutoka mia moja, arudie kutoa saba. Jaribu hilo kwa mama wa Nanguruwe ambaye hakukaa shuleni, utaandika kwamba amechanganyikiwa wakati aliyechanganya mambo ni wewe. Sisi tunamwambia ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma, Jumapili, Jumamosi, Ijumaa. Au tunamwuliza chenji: una noti ya elfu kumi, umenunua sukari ya elfu tatu na mia tano, muuza duka akurudishie ngapi? Watu waliouza korosho maisha yao yote hawakosei hesabu ya hela wakiwa wazima.

Joto, sukari ya damu, kipimo cha haraka cha malaria, kipimo cha VVU, mapigo ya moyo, haya hayasubiri. Karatasi ya maabara ya mwanafunzi wangu haikuwa bure. Lakini kuna mtego ambao lazima uonywe mapema. Kwenye mikoa yenye malaria nyingi kama yetu, watu wengine hutembea na vimelea damuni bila kuumwa. Kipimo kikisoma chanya, tibu malaria, halafu endelea kutafuta. Nimewaona vijana waliokaa miezi na sauti kichwani, wakatibiwa malaria mara nne, kwa sababu kila aliyewapokea alifurahi kupata chanya akaacha kuuliza.

Na mtu akianza mambo haya kwa mara ya kwanza maishani akiwa na miaka sitini, chunguza mwili mpaka uchoke, kisha chunguza tena.

Mpingo mmoja, maumbo mawili

Turudi kwa Jaspers. Tofauti aliyoiweka ni ya maudhui na umbo. Ukitaka kuielewa ukiwa Mtwara, nenda kwa wachongaji wa Kimakonde. Gogo ni mpingo uleule. Mmoja anachonga mnara wa watu waliobebana, babu hadi wajukuu. Mwingine anachonga shetani, jicho moja ubavuni, mkono umetoka kwenye shingo. Ukiulizwa tofauti ya kazi hizi mbili huwezi kujibu "mti".

Mpingo wa maongezi ya wagonjwa wetu ni majini, uchawi, wivu wa mke mwenza, korosho, shamba la urithi. Mgonjwa wa London atakuambia habari za kamera na majasusi. Haya ni maudhui, na maudhui hutoka mahali mtu alipokulia. Ugonjwa uko kwenye uchongaji.

Nitaweka watu wawili, na nimebadilisha kila kinachoweza kuwatambulisha. Wa kwanza ni mama wa makamo kutoka Newala. Anasema mke mwenzake amemtumia jini. Kifua kinambana, usiku anapokaribia kupitiwa na usingizi anasikia akiitwa jina. Alikwenda kwa fundi, yaani mganga, akapewa dawa ya kujifukiza, akapata nafuu wiki mbili. Bado analima, bado anauza mihogo, bado anacheka na majirani ijapokuwa si kama zamani. Ukimwuliza kama kuna sababu nyingine, anafikiri, anasema, "Labda ni kuchoka tu, mwanangu. Tangu mume wangu ahamie kule silali."

Wa pili ni kijana wa Mikindani. Alikuwa stendi. Konda wa daladala akagonga bodi mara mbili, kama makonda wanavyogonga ili dereva aondoe gari. Papo hapo kijana akajua, bila mtu kumwambia, kwamba mji mzima umekubaliana auawe kwa uchawi. Hakukuwa na ugomvi, hakukuwa na deni, hakukuwa na ndoto. Ni lile bati kupigwa mara mbili na uhakika kushuka kama mvua. Tangu siku hiyo kila kitu kikawa ushahidi, kikohozi cha jirani, rangi ya kanga, jogoo aliyewika saa nane usiku. Hakwenda kwa fundi, maana fundi naye yumo. Alipigilia mbao dirishani, akaacha kuoga. Ukimwuliza kama huenda amekosea, anakuangalia kwa huruma.

Wote wawili wanaongea uchawi. Mwanafunzi aliyelelewa mjini husema wote wana saikosisi. Aliyelelewa huku husema wote wamerogwa, au husema moyoni na kuandika kingine. Wote wameangalia mpingo.

Aliyejua tofauti alikuwa bibi wa yule kijana, bibi anayeamini uchawi kuliko mtu yeyote wodini siku ile. Alisema, "Uchawi naujua, nimezeeka nao. Huu wa huyu siuelewi." Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Watu wanaoamini majini ndio mashahidi wazuri kuliko wote wa nani ameumwa, kwa sababu wanajua jini huja vipi, humkamata nani, hutaka nini na huondokaje. Mgonjwa wa saikosisi anavunja kanuni za imani yake mwenyewe. Kwa hiyo usiwaulize ndugu kama wanaamini hayo anayoyasema. Waulize, "Huku kwenu mtu mwingine akisema ana jini, husema hivi?" Kisha nyamaza.

Kosa la upande wa pili lipo pia, na siku hizi naliona zaidi. Mwanafunzi aliyefundishwa kuheshimu mila humsikiliza yule mama wa Newala, anaandika "imani za kijamii", anamruhusu aende nyumbani. Mama halali, ameishiwa hamu, amepungua, furaha imemtoka, mambo yamepita wiki mbili zinazotakiwa na vitabu. Hiyo ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Jini alilolitaja halikuwa ugonjwa, wala halikufuta ugonjwa.

Wanafunzi huuliza, basi tuwajibu nini? Kumbishia mwenye saikosisi ni kujiandikisha kuwa adui wa pili, na kumkubalia ni kumdanganya mtu mgonjwa. Sentensi ninayowapa ni hii: "Nimekusikia. Mimi hayo sikuyaona, lakini naona yanakunyima usingizi, na usingizi tunaweza kusaidiana." Wanaifanyia mazoezi wao kwa wao wawili wawili, kwa sauti, mpaka itoke bila kutetemeka.

Maneno yanayoteleza

Masomo yote wamesoma kwa Kiingereza. Mgonjwa anaongea Kiswahili, Kimakonde, Kimwera, Kiyao. Katikati hapo ajali hutokea, na nyingine huanzia kwenye Kiswahili chenyewe.

Mwanafunzi alimwuliza bibi mmoja, "Unasikia sauti?" Bibi akajibu, "Nasikia, mjukuu wangu, masikio yangu mazima." Mwanafunzi akaandika kwamba mgonjwa ana maluweluwe, yaani anasikia yasiyokuwepo. Kiswahili chetu kimempa kazi nyingi mno kitenzi hiki, tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia uchungu. Swali lazima livikwe nguo: "Kuna wakati ukiwa peke yako, macho yako wazi, unasikia mtu anaongea na ukitazama hamna mtu? Wanasema nini? Wanaongea na wewe au wanaongea juu yako?"

"Mawazo" ndiyo mbaya zaidi. Kwenye fomu ya uchunguzi kuna sehemu ya mawazo ya mgonjwa, mwanafunzi anauliza, "Una mawazo gani?" Kwa Mswahili, kuwa na mawazo ni kuwa na shida inayokutafuna. Mgonjwa anajibu habari ya ada za watoto na mwanafunzi anaona amekwepa swali. Hakukwepa. Kinyume chake, mtu akisema "nina mawazo sana" au "nafikiria sana", ameshakupa nusu ya habari ya sonona kwa lugha yake. Neno "sonona" lenyewe sijalisikia kwa mgonjwa hata mmoja kijijini. Wanasema moyo mzito, moyo unakwenda mbio, kichwa kinawaka moto, mwili hautaki. Mwanafunzi anayesubiri mtu aseme "nina huzuni" atasubiri sana, na wakati huo mgonjwa ameshapewa dawa za vidonda vya tumbo.

Muda ni tatizo jingine. Uchunguzi wa akili unasimama juu ya muda, kama ni wiki, mwezi au miaka. Ukimwuliza mkulima ilianza tarehe ngapi, atakupa tarehe ya kukuridhisha. Tunatumia nguzo. Ilikuwa kabla ya mnada wa kwanza wa korosho au baada? Ilikuwa msimu ule wa 2018 wanajeshi walipokuja kubeba korosho? Alikuwa mzima wakati wa Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, tulipoambiwa tuhame nyumba za pwani? Au ni Hidaya, Mei 2024, barabara ya Dar ilipokatika? Kwa vijana tunauliza kama alikuwa mzima alipotoka jando, au alipocheza unyago. Familia ikigombana kidogo juu ya jibu, waache wagombane, mwisho wake huwa sahihi.

Methali nazo zina kazi. Kwa jadi ya fani hii mgonjwa huombwa aeleze methali, ili ionekane kama akili inaweza kutoka kwenye kitu ikafika kwenye maana. Mwambie "Haba na haba hujaza kibaba." Mwingine atasema habari za kuweka akiba. Mwingine atakueleza kwa makini kabisa kwamba kibaba ni kopo la kupimia unga na kwamba lao lilipotea. Mimi nalipa jaribio hili uzito mdogo, maana aliyelelewa kwa Kimakonde huenda hajawahi kuisikia. Afadhali umwombe akupe methali ya kwao, akufafanulie yeye.

Swali la kujiua ndilo wanaloliogopa kuliko yote. Wanadhani wakiuliza watampandikizia mtu wazo. Hapana, kuuliza hakupandikizi; wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye mtu ameuliza. Tunapanda ngazi polepole. "Mtu akichoka hivi, wakati mwingine huona heri asingekuwepo. Wewe umewahi kufika hapo?" Kisha kama amefikiria namna, kama ameandaa kitu, nani yuko naye usiku. Kisha ndugu waambiwe wazi kwamba dawa za kupulizia mikorosho zifungiwe, na ufunguo akae nao mtu mwingine. Wanafunzi wajue pia kwamba familia nyingi zitaficha. Kujaribu kujiua kumeandikwa kuwa kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na watu wanaogopa polisi, kwa hiyo hadithi inafika hospitali ikisema "alikunywa akidhani ni maji". Usiwashike uongo. Msubiri mgonjwa mwenyewe, mkiwa wawili.

Shingo iliyopinda

Kuhusu dawa sitakaa sana, maana vitabu vinatosha. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker, katika hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris, walianza kutibu saikosisi kwa klopromazini, dawa ambayo daktari wa upasuaji, Henri Laborit, alikuwa ameitumia kutuliza wagonjwa wake. Baadaye ikaeleweka kwamba dawa za jamii hii huziba milango ya dopamini, kemikali ya kupitisha habari kwenye ubongo. Kwa mwanafunzi anayeniambia haya si magonjwa ya kweli, hiyo ni sehemu ya jibu.

Ila kuna madhara moja ambayo lazima mwanafunzi wa huku ayaone kwa macho yake. Kijana alianzishiwa haloperidoli, dawa ya jamii hiyohiyo, akarudishwa siku ya pili amebebwa. Shingo imepinda kuelekea bega la kushoto, macho yamegeukia juu, ulimi umetoka nje, akili timamu, machozi yanamtoka. Ndugu walikuwa na uhakika kwamba jini limepanda kwa hasira ya dawa za hospitali, na kwa kweli ukitazama sura ile, huwezi kuwalaumu. Dawa ile ilikuwa imekaza misuli. Alichomwa promethazini, tukakaa naye. Ndani ya nusu saa shingo ilirudi mahali pake taratibu, na mwanafunzi aliyemshika mkono muda wote alimweleza mama yake nini kimetokea. Kama lingetokea kijijini bila mtu wa kueleza, familia ile isingegusa kidonge tena. Kuwaeleza mapema kabla ya dozi ya kwanza ni sehemu ya dozi.

Mjomba mlangoni

Wamakonde, Wamwera na Wayao huhesabu ukoo upande wa mama. Baba anaweza kukaa wodini wiki nzima akikubali kila unachosema, na mgonjwa akarudi nyumbani na kuacha dawa, kwa sababu mjomba hakuulizwa. Huko Aro, Nigeria, mwaka 1954, Thomas Adeoye Lambo alianza kuwaweka wagonjwa wake vijijini pamoja na ndugu zao, kwa kuamini kwamba jamaa ni sehemu ya tiba. Kwetu ndugu tayari wamelala chini ya kitanda na sufuria zao. Kinachobaki ni daktari kujua amwite yupi.

Ndiyo maana kuhusu ile kamba nilimgeukia mjomba kwanza. "Shikamoo, mjomba. Mmemleta mbali, mmefanya kazi. Vidole vyake vimevimba, kamba hii inaweza kumharibu mkono. Tunaomba kumfungua, manesi wapo." Akaitikia kwa kichwa.

Mwanafunzi wangu aliweka chini karatasi ya maabara. Alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa, akasogea upande ili asiuzibe mlango. "Kaka, habari za asubuhi. Mimi ni mwanafunzi hapa. Kamba imekubana, nianze na mkono huu?" Kijana hakujibu, akanyoosha mkono. Fundo lilichukua muda. Mkono ulipoachiwa alikunja vidole, akavikunjua, akasema neno moja, "Maji." Akaletewa kwenye kile kikombe cha kwao.

Joto lilikuwa la kawaida, sukari sawa, malaria hasi. Siku za wiki alizitaja kwa kurudi nyuma, Jumapili hadi Jumatatu, hakukosa hata moja. Mwanafunzi alinitazama, nikanyamaza. Akamgeukia tena.

"Kaka, haya mambo yamekuanza kabla ya kimbunga cha Hidaya, au baada?"

Mjomba alifungua mdomo. Kijana akamtangulia.

"Baada," alisema. "Hidaya ilinikuta mzima."